Mashine ya Ikulu Haitetemeki

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Anayemenya karanga aendelee kumenya, masikio hayana ugomvi na mikono. Natega: mwanangu anakula huku anatembea, kutwa nzima, wala hanenepi, na chakula chote anakitema ubavuni.

Msihangaike. Ni mashine ya kukatia majani. Si ile ya kupanda juu kama trekta, hapana. Ni ile ya kusukuma kwa nyuma, yenye injini juu, magurudumu manne pembeni, na kisu kimoja kirefu kinachozunguka chini kwa chini usikione. Hadithi yangu ni ya mashine ya namna hiyo, iliyokuwa ikikata majani ya Ikulu katika nchi moja ya mbali. Jina la nchi nimelisahau, na hata mkinikumbusha nitalisahau tena.

Nchi hiyo ilikuwa imetulia. Hilo halina ubishi, maana ilikuwa na wizara yake kabisa, Wizara ya Utulivu, na redio ilisema "Nchi imetulia" kabla ya taarifa ya habari, na baada ya taarifa ya habari, na katikati pia, watu wasije wakasahau wakati habari inasomwa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hata mimi naelewa kwamba nchi inayotangaziwa utulivu mara nyingi namna hiyo lazima iwe imetulia kupita kiasi.

Kiongozi wao aliitwa Mtukufu Mkuu, na alikuwa mtu wa watu. Kila Jumapili mchana alikaa redioni kuwategea wananchi vitendawili. Desturi mnaijua: anayeshindwa kutegua anatoa mji, na aliyetega anaupokea mji wake, kisha anataja jibu. Mtukufu alikuwa akitega, "Nyumba yangu haina mlango," na wananchi wanapiga simu kutoka kila wilaya, wazee wenye mvi, maprofesa, wafuga kuku, wote wakisema kwa masikitiko kwamba wameshindwa. Mfuga kuku mmoja alishindwa huku kuku wake anatetea nyuma yake kwa furaha ya kutaga. Basi wakampa miji. Mtukufu akacheka, akasema, "Ni yai!" na nchi nzima ikapiga makofi kwa akili alizojaliwa. Kwa njia hiyo, kidogo kidogo, miji yote ikawa yake, kihalali, bila mtu yeyote kunyang'anywa.

Aliyesukuma mashine ya Ikulu aliitwa Ngasa. Alikuwa mtu mpole, mrefu kidogo, mwenye kupenda chai ya tangawizi na kumwogopa mkewe Nyamizi kwa kiasi kinachofaa.

Asubuhi moja Ngasa alikuwa akikata majani nyuma ya Ikulu, kwenye kiwanja kilichoachwa muda mrefu kwa sababu wageni hawafiki huko. Sikukuu ya taifa ilikuwa imekaribia, na safari hii ilitangazwa kwamba wageni watatembezwa kila upande. Majani yalikuwa yamefika magotini. Ngasa akasukuma, mashine ikameza, ikatema, ikameza, ikatema, halafu ikalia KAA! na kuruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Ngasa akazima. Akainama, akapangua majani kwa mkono. Akakutana na jiwe.

Sasa, jiwe lile halikuwa jiwe la hivi hivi. Lilikuwa limechongwa, limesakafiwa, na juu yake kibao cha shaba kilichosema kwamba hilo ni jiwe la msingi la Zahanati ya Watumishi wa Ikulu, limewekwa na Mtukufu Mkuu kwa mkono wake mwenyewe. Ngasa aliikumbuka siku ile. Bendi ilipiga, Mtukufu akapiga goti moja, akashika mwiko wa fedha, akapaka saruji akiwa amevaa glavu nyeupe. Baada ya hapo walipanda majani kuzunguka jiwe ili mahali papendeze wakati wakisubiri matofali. Matofali hayakuja, lakini zahanati iliendelea vizuri. Kila mwaka redio ilitangaza idadi ya wagonjwa iliowatibu. Ilisifiwa kuwa ndiyo zahanati pekee nchini ambayo hajafa mgonjwa hata mmoja ndani yake, na mimi naamini.

Ngasa akalifunika jiwe kwa majani yale yale, akalizunguka kwa adabu, akawasha mashine tena. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mashine ilitetemeka. Ilitetemeka mpaka nati zikaanza kulegea zenyewe na kudondoka njiani. Ilitetemeka mpaka mishikio ikawa haishikiki, na mtetemo ukapanda viganjani, ukaingia viwikoni, ukapiga kambi mabegani. Jioni Ngasa alipoizima, mashine ilitulia. Mikono yake haikutulia.

Nyamizi alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Mume wangu, leo umenikumbuka kweli. Toka kule kona unanipungia mikono, tena yote miwili?"

"Sikupungii, mke wangu. Inakwenda yenyewe."

Nyamizi akaweka ungo chini. Akamshika vidole. Vilikuwa vyeupe kwenye ncha kama vimechovywa kwenye unga.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

Akamfinya. "Na hapa?"

"Umenifinya? Nimekuona tu, sijasikia."

Yule mama akaviachia vile vidole. Kisha akasema, "Ngasa, mimi sikuolewa na vidole tu, lakini bila vidole utanisumbua. Nenda kesho ukawaambie mashine imeharibika."

"Imeharibika kwa nini, watauliza."

"Si useme imegonga jiwe?"

"Jiwe gani, watauliza."

Nyamizi alikuwa mwepesi wa kuelewa. Akaokota ungo wake. "Ee Mungu wangu," akasema, "tumekwisha."

* * *

Kesho yake Ngasa alikwenda kwa mkuu wa mashine zote za Ikulu, Injinia Mutalemwa. Injinia alikuwa amesoma, tena vizuri, na mikono yake ilikuwa ya kazi, si ya kalamu peke yake. Alichomoa plagi, akaipindua mashine ubavu, akatazama chini.

Kisu kilikuwa kimepinda ncha moja kama sikio la mbwa.

Injinia alikitazama. Akatazama upande wa kiwanja cha nyuma. Akatazama dirisha la Mtukufu ghorofani, lenye pazia. Akairudisha mashine ikasimama.

"Tatizo ni magurudumu," akasema.

Akabadilisha magurudumu. Mashine ikatetemeka. Akabadilisha plagi, ikatetemeka. Akamwaga oili, akatia oili mpya, akakaza bolti za mishikio, akafunga mipira kwenye mishikio, akaipaka rangi mashine nzima, ya kijani na nyekundu. Ikatetemeka kwa uzuri zaidi.

"Injinia," Ngasa akasema, "na kile kisu?"

"Kisu kipi?"

"Hicho kilichopinda."

Injinia akamvuta nyuma ya tangi la maji. "Ngasa ndugu yangu, kisu kikiwa kimepinda, kuna kilichokipinda. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na hicho kilichokipinda kiko mahali."

"Kiko pale..."

"Teremsha kidole! Umelogwa?" Injinia akafuta jasho. "Nikitaka kisu kipya stoo, wataniuliza cha zamani kimepatwa na nini. Nikisema kimegonga jiwe, nimesema jiwe liko kwenye majani. Nikisema liko kwenye majani, nimesema haliko chini ya zahanati. Umeona mahali ninapofika? Mimi hicho kisu nakijua, Ngasa. Nilifanya mtihani juu ya kisu kama hicho, ng'ambo, nikapata alama zote. Kwa hiyo nakuomba kama kaka yangu, tuendelee kuhangaika na magurudumu."

Natega tena, wajukuu zangu: wako wengi wamekizunguka, wote wana macho, na hakuna aliyekiona. Eeh. Sasa mmeanza kuchangamka.

* * *

Habari za mashine inayotetemeka ndani ya Ikulu zilimfikia Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Pazi. Hakulala. Kitu kutetemeka, mahali penyewe ni Ikulu, na mwezi wenyewe ni wa sikukuu! Akaunda tume, akajiteua mwenyekiti, na tume ikafika kiwanjani ikiwa imevaa suti, pamoja na mtaalamu wa matetemeko ya ardhi na shehe na mchungaji, ili pasiwe na upande uliosahaulika.

Mheshimiwa Pazi alihutubia kwanza. Alihutubia mashine, maana ndiyo iliyokuwa mbele yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "utulivu tulionao haukuja wenyewe. Utulivu huu umepandwa, umemwagiliwa, umepaliliwa. Tuna mito iliyotulia. Tuna bei zilizotulia huko juu. Hata hospitali zetu, ukiingia, zimetulia, husikii mtu. Leo anatokea mtu anasema kuna kitu kinatetemeka. Nauliza: kinatetemeka kwa idhini ya nani?"

Wakapiga makofi. Ngasa akaambiwa awashe. Akavuta kamba, injini ikanguruma, mashine ikaanza ngoma yake. Nyasi zilizolala karibu zikaruka. Miwani ya mtaalamu wa matetemeko ikashuka puani.

"Pisha," akasema Mheshimiwa, "niishike mwenyewe."

Akaishika. Mashavu yake yakaanza kwenda upande huu na upande huu, na nishani zake zikalia kifuani kama vijiko kwenye kapu. Wote wakasubiri kauli.

"Ma-ma-ma-shi-ne," akasema Mheshimiwa Pazi, "i-i-me-tu-tu-tu-li-a."

Makofi tena. Katibu wake alimuuliza kama aandike hizo ma na tu zote au aandike moja moja.

Lakini tume ilikuwa ya watu makini, na mmoja akauliza: kama mashine imetulia, basi nini kinatetemeka? Maana nishani zimelia, tumezisikia. Wakamgeukia mtaalamu wa ardhi. Yeye akasema kwamba ardhi haiwezi kutetemeka, kwa kuwa aliandika mwenyewe kwenye taarifa yake ya mwaka kwamba haiwezi. Wakamwuliza Injinia. Injinia akasema magurudumu ni mazima, tena mapya.

Hapo Mheshimiwa Pazi akamtazama Ngasa. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini mikono ya Ngasa ilikuwa bado inapunga.

"Huyu," akasema polepole, kama mtu aliyeokota ufunguo. "Mashine imetulia. Ardhi imetulia. Anayetetemeka ni huyu! Na mashine, kwa kuwa anaishika yeye, anaiambukiza."

"Mheshimiwa," akasema Ngasa, "mimi nimeanza kutetemeka baada ya..."

"Mtu aliyetulia moyoni hatetemeki. Una jambo gani wewe?"

Wakamkamata. Shitaka likaitwa kutetemeka kwa nia mbaya ndani ya eneo la Ikulu. Adhabu yake ilikuwa ya huruma tu: mtuhumiwa angefungwa mpaka atakapotulia. Ila kwa kuwa sikukuu imekaribia na hakuna mwingine aliyezoea mashine ile, angekuwa anatolewa kila asubuhi kwenda kukata majani, kisha anarudishwa ndani kuendelea kutulia.

Nadhani hesabu mnaiona wenyewe. Kila asubuhi angetetemeshwa, kila jioni angekaguliwa kama ametulia. Mtu angezeekea humo.

Nisiseme walikuwa wakatili. Mheshimiwa aliagiza kwanza mtuhumiwa apelekwe kwa daktari, tena kwenye Zahanati ya Watumishi, ambayo sifa zake zilikuwa zimevuma. Askari akampeleka. Walitembea mpaka katikati ya kiwanja, askari akapangua majani kwa buti, akamkalisha Ngasa juu ya jiwe.

"Afande," Ngasa akauliza, "daktari yuko?"

"Subiri zamu yako."

"Mbele yangu kuna nani?"

Askari akatazama kulia, akatazama kushoto, majani matupu yakipepea. "Hakuna," akasema. "Leo una bahati, siku nyingine huwa kunajaa."

Wakakaa hapo mpaka jua likawachoma. Kisha askari akamwinua, akaandika kwamba mgonjwa amehudumiwa.

* * *

Nyamizi aliruhusiwa kumwona mumewe kabla ya kesi. Akamletea uji, akamnywesha mwenyewe, maana kikombe hakikushikika.

"Kesi ni siku ya sikukuu," Ngasa akamwambia. "Mbele ya Mtukufu, kwenye majani, na redio itakuwepo. Wamesema wananchi wajifunze kutulia. Mimi nimepewa nafasi ya kusema, lakini wakili wa serikali amekuja kunisomea maneno nisiyoruhusiwa."

"Yapi?"

"Jiwe. Kisu. Zahanati. Na kutetemeka pia, kwa kuwa hakuna kinachotetemeka."

"Sasa utasema nini, 'habari za asubuhi'?"

"Hata 'habari' alisita kidogo."

Nyamizi akakoroga uji, akafikiri. "Kusema wamekukataza. Na kuuliza?"

"Kuuliza hakukutaja."

"Basi usiseme, mume wangu. Tega." Akamfuta midomo kwa ncha ya kanga. "Huyo mtu toka aukalie ukuu wake anategea wenzake. Hajawahi kutegewa yeye. Tuone kama mdomo wake umesahau ulivyolelewa."

Siku ya sikukuu ikafika. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri, isipokuwa sehemu moja katikati ya kiwanja cha nyuma, ambapo palionekana kama kuna kichuguu chenye manyoya. Wageni walitembezwa wakakizunguka, na hakuna aliyeuliza. Mheshimiwa Pazi akasoma shitaka kwa sauti iliyotulia. Mtukufu Mkuu, ameketi kwenye kiti chenye mito, akatabasamu kwa ubaba.

"Ngasa mwanangu, unalo la kusema?"

"La kusema sina, Mtukufu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Nina la kutega." Ngasa akavuta pumzi, mikono inapunga kando yake. "Kitendawili!"

Jamani, kuna maneno yanayokaa ulimini kabla mtu hajapata cheo. Kiwanja kizima kikajibu kwa mpigo mmoja. Askari walijibu, wapiga bendi walijibu, Injinia akajibu huku amejificha nyuma ya tarumbeta, Mheshimiwa Pazi akajibu kisha akaziba mdomo. Na aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mtukufu mwenyewe, ameinuka nusu kwenye kiti, macho yanang'aa kama mtoto aliyekaa miguuni mwa bibi yake.

"Tega!"

"Nyumba yangu niliimaliza siku niliyoianza. Wengi wameisifu. Hakuna aliyewahi kuingia."

Kimya. Redio ilikuwa hewani, na nchi nzima ilisikia hicho kimya. Watu waliokuwa wakisikiliza sokoni walisimamisha mizani. Hakuna ambaye hakulijua jibu. Wengine walikuwa nalo wilayani kwao, wengine kijijini kwao, kila mtu na la kwake limelala kwenye majani yake.

"Ni yai!" Mheshimiwa Pazi akaropoka. "Mtukufu, ni yai!"

"Si yai, Mheshimiwa," Ngasa akajibu kwa upole. "Yai lina kitu ndani."

"Kaburi!" akasema waziri mwingine.

"Kaburi lina mwenyewe."

Mtukufu hakuwatazama. Alikuwa ameangalia mkono wake wa kulia, ule alioushikia mwiko wa fedha. Alilijua jibu. Lilikuwa limemjaa mdomoni kama tonge la moto. Mdomo ukafunguka, wote tukasikia, maana mimi nilisimuliwa na waliosikia, "Ji..." halafu ukafunga. Akilitema amelisema, tena kwa sauti yake, tena hewani. Akilimeza ameshindwa. Na mtu yule alikuwa na vitu vyote duniani ila kushindwa.

Jasho likamtoka chini ya kofia. Upande mmoja bendi, upande mmoja majani.

"Nimeshindwa," akasema Mtukufu Mkuu.

Wazee walisema hawajawahi kusikia neno hilo likitoka ghorofa ile.

"Nipe mji," Ngasa akasema.

Haya, alikuwa nayo mingi. Lakini mtu anayetoa kwa mara ya kwanza anatoa kwa kubana. Mtukufu akaikagua miji yote kichwani, wenye bandari akauruka, wenye dhahabu akauruka, kisha akatabasamu.

"Nakupa Neema."

Watu wakainamisha vichwa wasionekane wanavyocheka. Mji wa Neema ulikuwa kwenye ramani, na kwenye kitabu cha jiografia cha darasa la tano, pamoja na picha ya kuchora ya stendi yake. Watoto walifeli kwa kutotaja viwanda vyake. Ulikuwa uwanda wa majani huko bara, na katikati yake jiwe moja la msingi.

"Nimeupokea," Ngasa akasema. "Basi jibu la kitendawili ni..."

"Hapana!" Mtukufu akainuka mzima. "Hapana, mwanangu. Umepewa mji. Jibu kalitolee huko huko mjini kwako."

Na kwa kuwa alilisema hewani, ikawa sheria kwamba Neema mtu anaruhusiwa kulisema jibu. Wakili wa serikali akanong'ona kwamba mwenye mji hafungwi, isipokuwa na mwenye mji mwingine, na siku hiyo wote walikuwa na haraka ya kwenda kula pilau. Ngasa akafunguliwa. Mashine walimpa aende nayo, maana hakuna aliyetaka kulala nayo nyumba moja.

* * *

Walifika Neema, yeye na Nyamizi, kwa lori la chumvi. Dereva aliuliza awashushe mtaa gani.

Ngasa alikwenda katikati ya uwanda, akasimama, akajisafisha koo. "Ni jiwe la msingi!" akasema. Akatazama pembeni. Hakuna aliyekuja. Akaongeza sauti. "Ni la zahanati ya Ikulu! Haipo! Kuna jiwe tu! Mashine imeligonga, kisu kimepinda, ndiyo maana inatetemeka!"

Mwewe mmoja aliyekuwa juu akahama kidogo, basi. Nyamizi alikuwa anafungua mizigo. "Umemaliza?" akasema. "Njoo ushike upande huu wa turubai."

Wa kwanza kufika alikuwa Injinia Mutalemwa, na kisu kipya ndani ya gazeti. Hata maji hakuomba. Alikwenda pale pale, akapiga kelele, "Kisu! Kisu! Siyo magurudumu, jamani, ni kisu!" mpaka sauti ikamkauka, kisha akakaa chini akacheka, akafunga kile kisu kipya, akapima kwa kidole pande zote mbili, akavuta kamba. Mashine ikanguruma kwa sauti moja nzito ya shibe. Ungeweza kuweka yai juu yake.

Baada yake wakaja wengine. Mwalimu wa jiografia alikuja akasema mto fulani ulishakauka zamani. Mama mmoja alikuja na mwanawe mgongoni, akasema bei ya sukari kwa sauti kubwa, akarudi kwao kabla ya magharibi. Mfuga kuku alikuja, akasimama wima kama shuleni, akasema, "Ni yai. Nililijua toka mwanzo." Waliheshimiana sana. "Ukimaliza wewe, dada, nakuja mimi." "Bado nina la barabara, kaka, nisubiri kidogo." Wengine walipomaliza kusema waliona uvivu wa kurudi, wakajenga. Ndiyo hivyo mji ule ukaanza kufanana na kitabu.

Mikono ya Ngasa ilipona taratibu. Siku ugali wa moto ulipomuunguza vidole alipiga yowe la furaha, na majirani wakaja mbio wakadhani amesema jambo jipya.

Jioni moja likaja gari lisilo na bendera, limeegeshwa mbali. Akashuka mtu mnene, kofia imefunika nyusi, akaja akitembea pembeni pembeni kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Ngasa alikuwa anakata majani. Akazima mashine.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Mimi siye," akasema Mheshimiwa Pazi. Akaitazama mashine, akaweka kiganja chake juu ya mshikio, taratibu, kama anayempapasa mbwa aliyewahi kumuuma. "Inasemekana hapa mtu anasema tu."

"Anasema tu."

"Hakuna anayeandika?"

"Nani aandike? Kila mtu anangoja zamu yake."

Mheshimiwa akatazama nyuma. Akatazama juu. Akasogea mpaka sikioni kwa Ngasa. "Mashine," akanong'ona, "ilikuwa inatetemeka."

"Sema kwa sauti, Mheshimiwa. Mjini kwangu hatunong'oni."

"Ilikuwa inatetemeka!" Mheshimiwa akasema, na sauti ikamshtua mwenyewe. Akasubiri. Dunia ikaendelea. Akavua kofia, akajipepea, uso umemlegea kama mtu aliyevua viatu vya kubana. "Niliisikia mpaka kwenye meno."

"Ahsante," Ngasa akasema, na alimaanisha. "Na la lile jiwe?"

Mheshimiwa Pazi akairudisha kofia kichwani, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akaanza kurudi kwenye gari lake, pembeni pembeni.

"Hilo la jiwe liache kwanza," akasema. "Hilo nitakuja nalo siku nyingine."